Utando wa Maziwa

Subira sina, na sijawahi kudai kwamba ninayo. Dada yangu Selina alipoanza kutapika, wa kwanza kumfokea nilikuwa mimi. Nilimwambia anakula vitu kwa siri. Akaapa kwa Bikira Maria kwamba hali kitu, nami sikumwamini, maana namjua Selina na chakula tangu tukiwa wadogo.

Dada alipata hela kwa mabondo ya sangara, vile vibofu vya tumboni mwa samaki wanavyovinunua Wachina, biashara zilipofunguliwa na kila mtu Mwanza akawa mfanyabiashara. Hela ikamnenepesha, na hakuna aliyeshangaa, kwetu Usukumani mwili ni heshima. Lakini ukazidi. Nyumba yake ya Ilemela iko juu kabisa kwenye mawe, na ikafika mahali akawa anakaa chini njiani kila akipanda, magoti yamevimba, sukari imepanda. Ndipo akasikia kwamba Afrika Kusini wapo madaktari wanaopunguza tumbo kwa kisu. Watu wote aliwaambia anafuata bidhaa. Mimi peke yangu ndiye niliyeujua ukweli, naye aliniapisha nisifungue mdomo.

Akarudi na tumbo la ndani lisilozidi ngumi ya mtoto. Masharti yalikuwa mengi, ila kubwa lilikuwa mafuta: ale kidogo kidogo, na maziwa anywe yale yaliyotolewa mafuta. Zamani tungeyapata wapi? Lakini sasa maduka ya mjini yalijaa makopo ya kila aina kutoka Ulaya, na hayo maziwa ya unga yalikuwemo. Mimi ndiye niliyekuwa namkorogea. Yalikuwa mepesi, yana rangi ya maji ya mchele. Akinywa hayo yanatulia, na akawa anapungua vizuri, akipanda mlima wake bila kukaa. Tulifurahi sana.

Tabu ni kwamba miaka ile, mtu akikonda Mwanza hakuulizwa anakula nini. Jirani yetu Mama Mboni akaanza kuniuliza mgonjwa anaendeleaje, kwa ile sauti ya msibani. Sokoni wakasema mwenye mabondo amekanyaga miwaya, ana ukimwi. Selina alicheka tu, akasema watachoka wenyewe. Mimi nilikuwa natafuta wa kumzaba kibao.

Maneno yakavuka na kivuko cha Kigongo yakamfikia mama, kwetu Busisi. Akaja na kibuyu cha maziwa ya ng'ombe wake. Alimtazama Selina mifupa ya shingo, akakaa kwenye kigoda. Mama alikuwa ameshazika wawili, kaka yetu Venant na mdogo wetu Odeta, na wote walianza kwa kukonda hivyo hivyo.

Nikamsihi dada amwambie mama ukweli. Akakataa. Aliniuliza ataanzia wapi kumwambia mwanamke aliyezika watoto waliokonda kwamba yeye amekwenda kukondeshwa kwa hela yake. Basi mama akaambiwa ni sukari, daktari amekataza mafuta. Akanusa kile kikombe cha maziwa mepesi, akaniambia kwao maziwa ya namna ile anamiminiwa mbwa.

Haikupita wiki, matapishi yakaanza. Kila akimaliza kunywa, jasho linamtoka, anatetemeka, tumbo linamwendesha mpaka anashika ukuta. Akawa halali, hasimami. Watu wakaja kutoa pole, wakakaa karibu na mlango, mbali na kitanda. Sasa kweli alifanana na yale waliyoyasema. Nilipata hofu ambayo sikuwahi kuipata, kwamba dada yangu atakufa, tena atakufa na jina la ugonjwa asiokuwa nao.

Siku moja naosha vyombo nje. Kikombe cha Selina kikakataa kutakata. Nikakisugua kwa majivu, bado kinateleza. Nikajiuliza, maziwa yasiyo na mafuta yanatelezaje? Nikakiacha kwenye beseni, nikaenda jikoni.

Mama alikuwa amesimama na kibuyu kidogo cha samli, anamimina kwenye maziwa ya moto niliyoyakoroga mimi, anakoroga taratibu mpaka ipotee.

"Mama, unamuua," nikasema.

Hakuacha kukoroga. "Odeta aliniomba samli," akasema. "Niliogopa hata kushika kikombe chake. Nilikuwa namwekea chakula mlangoni, nakimbia. Huyu nitampa."

Hapo kiapo kikanishinda. Nikamweleza yote: ndege, kisu, tumbo lililobaki, na kwamba mafuta ndiyo yanayomwangusha. Nilieleza nikilia kwa hasira, hata sijui nilikuwa na hasira na nani. Mama akaweka mwiko chini, akaenda chumbani kwa Selina, nami nyuma yake. Akataka kuona.

Selina akapandisha blauzi. Mama akalifuata lile kovu kwa kidole, kutoka juu mpaka lilipoishia.

"Kwa hiyo huumwi."

"Siumwi, mama."

"Ulikwenda kukondeshwa."

"Ndiyo, mama."

Mama akaishusha ile blauzi. Kisha akasema, "Odeta alikuwa anajifunga matambara kiunoni akienda kanisani, watu wamwone ana mwili."

Selina akajifunika uso kwa shuka akalia. Nami nikajua mama atafunga mzigo wake arudi Busisi, na asingekuwa na kosa.

Hakufunga. Alikwenda jikoni, akamwaga maziwa yale yenye samli, akachemsha mengine ya ng'ombe wake, akayaacha yapoe kabisa. Utando ulipopanda juu, mzito, wa manjano, akauondoa kwa kijiko. Akangoja, akaondoa tena, mpaka yakabaki mepesi kama yale ya kopo. Akampelekea Selina, akamshika kichwa akamnywesha mwenyewe kidogo kidogo. Tukangoja. Yakatulia.

Alirudi jikoni, akachukua kikombe alichotilia ule utando. Akasimama nacho katikati ya jiko, ananitazama mimi, anautazama mlango. Hakuwa na wa kumpa.

Utando wa maziwa siupendi, tangu utoto unanitia kichefuchefu. Nikakipokea kile kikombe kwa mikono miwili, nikanywa wote mbele yake.