Nondo ya Kumi na Saba

Ukoo mzima ulimwita Daktari, ingawa udaktari wenyewe, wa chuo, wa mmomonyoko wa udongo, ulikuwa bado umefungwa kwenye nondo arobaini alizozipigilia mteremkoni. Kila nondo aliiacha vidole viwili juu ya ardhi. Mvua ikibeba udongo, chuma kinajitokeza zaidi, naye anapima kwa rula. Halmashauri ilisubiri ripoti yake Jumatatu, iamue kujenga kuta za mawe kuzuia korongo au kuendelea kupumzika.

Sasa, mara ya nne mwaka huu, rula ilisema vilevile: vidole viwili. Hongera kwa mvua, zilinyesha kwa adabu na hazikugusa cha mtu. Korongo nalo, ambalo mwaka juzi lilikuwa ng'ambo ya shamba na leo liko nyuma ya jiko la mjomba wake, bila shaka lilikuja kusalimia tu.

"Ziko sawa?" aliuliza mjomba, mlinzi wa nondo, aliyepewa kazi na Daktari kwa uaminifu wake.

"Sawa mno. Hazijasogea hata kidogo."

"Zitasogeaje na mimi nipo?" Mjomba alivimba kichwa. "Kila mvua ikipita zinachomoza hivi. Nachukua nyundo, nazirudisha vidole viwili, kama ulivyonionyesha."

Daktari alikaa chini, mavumbini. Miaka miwili! Kweli alimwonyesha vidole viwili. Sababu hakumwambia, maana msomi ana mambo mengi. Angeweza kupeleka namba zake safi, apate digrii safi, na asijue mtu isipokuwa lile jiko.

"Ila mama, moja ilinishinda," mjomba alisema, sauti imeshuka. "Ya kumi na saba."

"Si ulisema imeibwa?"

"Nilidanganya. Iligonga mwamba, nikaipiga mpaka mpini ukavunjika. Nikaona aibu, kila ukija naifunika ndoo."

Walizunguka nyuma ya jiko. Mjomba akainua ndoo, macho pembeni. Rula fupi ya Daktari iliisha, ikabidi aanze tena: sentimita ishirini na nane. Hatua mbili kutoka pale, msingi wa jiko ulining'inia hewani, na ndani sufuria ya chai ilichemka bila wasiwasi.

Mjomba alishafika na nyundo mpya. "Ishike hapo, mama. Wawili tutaiweza."

Daktari alimpokonya nyundo. Akafungua daftari palepale, akaandika kwamba nondo thelathini na tisa ziliharibiwa na mlinzi ambaye mtafiti hakumweleza kazi, na moja ilipona. Msimamizi wake chuoni angemrudisha mwanzo, hilo alilijua. Lakini hakufuta.

"Kwa hiyo umenifukuza?" mjomba aliuliza.

"Hapana, mjomba. Ipua hiyo chai. Tunahamisha jiko."