Korido ya Mama

Kwa miaka thelathini na moja yule bwana alikuwa akiwawashia watu taa. Shule, zahanati, maghorofa, hata ukumbi wa mikutano wa mjini. Mtaani wakamwita Fundi Mwanga, na jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho tu. Lakini nyumba ya mama yake mzazi, nyumba aliyojifunzia kutembea, ilikuwa na balbu moja iliyofifia sebuleni na korido yenye giza mchana kweupe.

"Nitakuja Jumamosi, mama," alikuwa akisema. Jumamosi zikapita mpaka zikatimia miaka miwili.

Mama alikuwa na umri wa miaka tisini na mitatu. Aliishi peke yake kwa kutaka mwenyewe. Mama mmoja jirani aliingia asubuhi na jioni kumpikia na kumfulia. Siku moja mama wa fundi akaanguka kwenye korido, kati ya chumba chake na bafu, akachubuka paji la uso. Hapo ndipo dada yake fundi, mwalimu mkuu mstaafu ambaye mpaka leo huongea kama mtu anayesubiriwa na darasa, alipompigia simu mdogo wake.

"Sikiliza. Hadi mwisho wa mwezi nyumba ile iwe na mwanga na mahali pa kushikilia. La sivyo, mama namhamishia kwangu. Umenisikia?"

Alisikia. Jumamosi ya wiki ile ile, asubuhi, akawa mlangoni na mfuko wa vifaa begani.

"Umekonda," mama alisema, akimpapasa kifundo cha mkono. "Kwako hawapiki?"

"Wanapika, mama. Mimi ndiye sikai."

"Kumbe una miguu! Nilidhani una mdomo wa kuahidi tu."

Wakacheka. Fundi akaenda jikoni, akashusha swichi kuu nyuma ya mlango, akaanza kazi. Swichi ya chumbani ilikuwa juu kana kwamba nyumba ilijengewa majitu. Akaishusha mpaka mahali ambapo mama angeifikia akiwa amekaa kitandani. Kwenye korido akapanga taa ndogo ndogo chini, karibu na sakafu, za kujiwasha zenyewe mtu akipita. Alichagua zenye mwanga laini, maana jicho la mzee huchomwa na mwanga mkali na huku giza nalo haliliwezi. Akatoa zulia lililokunjana pembeni. Kiti cha mama akakiongezea vipande vya mbao miguuni ili asipate taabu kunyanyuka.

Saa kumi alasiri akakaza skrubu ya mwisho.

"Mama, njoo uone!"

Alitaka kuwahi jikoni kurudisha umeme, lakini mama alikuwa ameshafika, mkono ukutani, kwenye mdomo wa korido iliyokuwa nyeusi kama chungu.

"Lo!" mama akasema. "Sasa hii ndiyo nyumba. Inang'aa kama ya bi harusi. Mungu akubariki, mwanangu."

Fundi alidhani anataniwa. Akamtazama vizuri. Mama alikuwa ameinua uso kuelekea darini, anatabasamu. Na taa zote alikuwa amezifunga chini, usawa wa vifundo vya miguu.

Akapita taratibu hadi jikoni, akainua swichi kuu. Kwap! Taa zikawaka. Aliporudi, tabasamu la mama lilikuwa limekwisha.

"Huo mlio ni wa ile swichi ya nyuma ya mlango?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo taa zilikuwa hazijawaka."

"Hazijawaka, mama."

Mama akatafuta ukuta kwa kiganja, akauegemea. "Basi nimeumbuka," akasema.

Fundi alimkalisha kwenye kiti chake, naye akakaa chini, karibu na miguu yake. Akamuuliza habari za macho. Tangu lini?

"La kulia lilitangulia. La kushoto likaona upweke, likamfuata mwenzake." Alijaribu kucheka, kicheko kikagoma. "Mwaka juzi, ulipoanza kusema utaniletea taa, nilikuwa bado naliona dirisha. Nikawa najiambia, akija nitamwona usoni kabla hapajafungwa."

Fundi alifunika uso kwa mikono yake yenye vumbi la ukuta. Mama akakisikia kilio, akanyoosha mkono mpaka akakipata kichwa chake.

"Usilie. Daktari aliniambia mapema kwamba ni presha ya macho, na ilishafika mbali. Mimi ndiye niliyenyamaza."

"Mficha maradhi, mama..."

"Najua, kilio humuumbua. Lakini dada yako akijua, kesho ataleta gari. Kwake kuna vigae vinavyoteleza, na ngazi, na milango nisiyoijua. Hapa naijua nyumba kwa miguu. Hapa bado mimi ni mtu. Niahidi hutamwambia."

Alijua kwamba haifai. Lakini aliyekuwa akidaiwa Jumamosi mia moja angekataa kwa uso gani? Akaahidi.

Wiki iliyofuata alirudi kila siku baada ya kazi, safari hii akiitengeneza nyumba kwa ajili ya mikono. Alifunga mbao laini ukutani usawa wa nyonga, kutoka kitandani hadi bafuni, na kila penye mlango akachonga alama: moja chumbani, mbili jikoni, tatu bafuni. Akaondoa meza ndogo ya katikati. Akamwambia jirani kwamba kitu chochote kikisogezwa lazima kirudishwe kilipokuwa, na jirani akamtazama kwa huruma, akamjibu, "Baba, mimi nafanya hivyo siku nyingi."

Dada mtu alipokuja kukagua, mama alivaa gauni la kutokea. Akatoka chumbani mwenyewe, vidole vikiteleza juu ya mbao, taa za sakafuni zikiwaka moja baada ya nyingine mbele ya miguu yake. Akamsifia binti yake kitambaa cha kichwani, ambacho jirani alikuwa amemnong'oneza rangi yake dakika moja kabla.

"Kazi nzuri," dada akamwambia fundi. Hakuwa mtu wa kugawa sifa ovyo. "Naona mama amerudi ujana."

Miezi mitano ikapita kwa amani.

Kisha siku moja mchana dada alipita bila taarifa, amebeba kiti kipya, chepesi, chekundu, chenye mto. Alikuwa amewaza kwamba korido ni ndefu kwa miguu ya miaka tisini na mitatu. Mama akitoka bafuni apate mahali pa kupumzikia. Alimkuta amelala. Hakutaka kumwamsha. Akakiweka kiti katikati ya korido, kikiegemea ukuta wenye mbao, akaondoka anatabasamu peke yake, akisubiri simu ya shukrani.

Jirani alipokuja jioni kupika alimkuta mama sakafuni, nyonga imevunjika, kiti kimelala juu ya miguu yake.

Alilazwa siku kumi na tisa, muda mwingi akiwa usingizini kwa dawa za maumivu. Dada alikaa upande mmoja wa kitanda, fundi upande mwingine.

"Kiti chekundu," dada alikuwa akirudia. "Taa zinawaka. Hata mimi bila miwani nakiona. Kwa nini yeye hakukiona?"

Mara ya kwanza fundi alifungua mdomo kujibu. Vidole vya mama vikambana kiganja. Akaufunga.

Siku ya ishirini haikufika.

Baada ya mazishi, walipokuwa peke yao nyumbani kwa mama wakikunja nguo zake, fundi alimweleza dada yake yote. Alimsikiliza amesimama, gauni la kutokea mikononi.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Na mimi ukaniacha nikamwekee kiti njiani."

"Aliogopa utamchukua, dada."

"Ningemchukua! Ningemchukua, na leo angekuwa hai!"

Dada aliliweka gauni kitandani, akatoka, na kwa miezi minne hakupokea simu yake.

Ulipoingia mwezi wa tano tangu siku ile, fundi alikwenda kwake bila mwaliko. Dada alifungua mlango, akamtazama. Alikuwa amezeeka ghafla. Ile sauti ya darasani ilikuwa imemtoka.

"Ingia," akasema.

Akachemsha chai. Walikunywa, na kuhusu kusamehe hakuna aliyetaja. Vikombe vilipokwisha, dada akavuta kiti chake karibu.

"Miezi ile mitano," akasema, "alipokuwa haoni na wewe unajua, mlikuwa mnaongea nini? Mimi aliniigizia. Wewe alikuambia ukweli. Nihadithie yote, usiruke kitu."

Fundi akaanza kuhadithia. Alipofika pale mama aliposema jicho moja liliona upweke likamfuata mwenzake, dada alicheka, na kicheko kikageuka kilio papo hapo. Akajifuta kwa upindo wa khanga.

"Rudia hapo," akamwambia.