Maji ya Gwenolé

Soazig alikuwa jikoni akigeuza chapati ya ngano nyeusi mwanawe Gwenolé alipoingia, akiusukuma mlango kwa mgongo kama kawaida yake. Alikuwa amekufa juma lililopita. Maji ya bahari yalimchuruzika mikononi yakaenea sakafuni.

"Vua viatu," mama akamwambia. "Nani kakuua?"

"Waingereza, mama. Tulikuwa tumetia nanga Algeria. Walihofia Wajerumani wasije wakazichukua manowari zetu, wakatupiga."

"Si walikuwa upande wetu?"

"Mpaka juzijuzi Ufaransa iliposalimu amri kwa Wajerumani, ndiyo."

Akaketi, akala. Maji hayakukoma.

Haukupita muda, meya Tanguy akaja kumwazima. Akamsimamisha jukwaani, akamnyooshea kidole. "Mtazameni! Hivi ndivyo Uingereza inavyomlipa rafiki! Inayamezea mate makoloni yetu!" Watu wa kile kijiji cha pwani ya Bretagne, Ufaransa, wakapiga makofi. Gwenolé aliona haya, hakujua mikono aiweke wapi.

Vita vikaisha. Meya alikuwa yule yule, hotuba ndiyo iliyobadilika. Mnara wa mashujaa ukajengwa, na ofisa wa Kiingereza akaalikwa kwenye karamu. Soazig akamfuata Tanguy.

"Meya, mbona jina la mwanangu silioni?"

"Bi Soazig, jiwe linasema waliouawa na adui. Mwingereza si adui. Nimwandike wapi?"

"Siku ile ulipata pa kumweka."

"Aa, zile zilikuwa siasa, mama. Leo mwache nyumbani, nakuomba."

Soazig akaenda na mwanawe karamuni. Ukumbini, ofisa na mkuu wa wilaya, Mfaransa, walikuwa wakigombania Damasko, kule Syria: nani aondoe askari wake, nani abaki. Maji yakawafikia viatuni. Wakageuka, wakamtazama kijana aliyesimama nyuma ya viti vyao. Ofisa akasogeza miguu.

"Poleni, naona paa linavuja," akasema kwa upole.

Mkuu wa wilaya akainua glasi. "Kwa urafiki wetu wa milele!"

"Mama, twende," Gwenolé akanong'ona. "Nawalowanisha watu."

Soazig akamfunika shali yake mabegani. Njia nzima alilia, na kijana akamshika mkono.

Mwaka uliofuata halmashauri ilijenga mfereji wa mawe kutoka mlangoni kwa Soazig hadi ufukweni, ili wapita njia wasiteleze. Majirani wakamsifu meya kwa utu wake. Mnarani hapakuongezwa jina. Gwenolé akatoka kuutazama mfereji, akasema mafundi wamefanya kazi nzuri.