Magauni ya Kitinda

Tangu asubuhi Fundi hakukalika. Alifagia sebule mara mbili, akafunika cherehani kwa kitambaa, akaifunua, akaifunika tena, na kila alipopita chini ya saa ya ukutani aliikodolea macho utadhani inamficha kitu. Mdogo wake anakuja! Miaka saba hawakuwa wameonana, miaka saba ya salamu za simu za "hujambo, sijambo, haya," kisha jana jioni ujumbe ukaingia: "Dada, kesho napita hapo. Nashuka saa nane, basi la kuendelea linaondoka saa kumi. Nitakusalimia mara moja."

Mara moja! Fundi alikuwa amekwisha kuukariri ujumbe huo. Alichokitaka kilikuwa kidogo tu: Kitinda aweke mkoba chini, alale hapa usiku mmoja, wazungumze kama ndugu. Lakini mtu mwenye tiketi mkononi humshikilii kwa kikombe cha chai. Ndipo akakumbuka jinsi mtoto yule alivyopenda biskuti za sukari, na saa mbili asubuhi alikuwa amesimama mlangoni kwa jirani yake, Mama Keki, mwanamke mwenye oveni kubwa na mdomo usio na breki.

"Nifundishe biskuti za kukata," Fundi alisema kabla hata ya salamu.

"Tutakata nini? Nina vibati vya kukatia, vya nyota, vya mioyo, vya samaki."

"Nimekuja na vyangu." Akatoa mfukoni karatasi ngumu, kila moja ndogo kama kiganja cha mtoto. Zilikuwa zimekatwa kwa umbo la nguo. Magauni matano na suti moja, kila nguo aliyomshonea Kitinda na ambayo bado aliikumbuka mshono kwa mshono.

Mama yao alipofariki, Kitinda alikuwa na miaka sita na Fundi kumi na tisa. Kitambaa kilikuwa cha kubahatisha, kwa hiyo kila gauni lilikatwa kubwa ili lidumu miaka mitatu. Mikono ilifunika vidole, upindo uliburura vumbi. Mtoto alilalamika, na Fundi, pini zikiwa mdomoni, alimjibu neno lilelile kila mara: "Utakua tu."

Mama Keki alipekua zile karatasi, akafika kwenye suti. Alikuwa jirani wa miaka mingi, akaijua hapohapo. "Na hii ya kijani pia? Mwenzangu, usitoneshe kidonda."

"Nitaikata ya mwisho," Fundi alisema. "Nikipata moyo."

Wakaingia kazini. Siagi na sukari vilipigwa mpaka vikawa vyeupe, yai likafuata, vanila, kisha unga kidogo kidogo mpaka donge likaacha kunata kwenye bakuli. Fundi alilisukuma juu ya meza akalitandaza, na alipoona limelala sawa bila mkunjo alicheka peke yake kwa furaha. Hiki si kitambaa hiki? Akapanga karatasi zake akibana nafasi asipoteze hata kipande, akashika kisu chembamba, akakata haraka haraka huku akiimba bila maneno. Gauni la shule. Gauni la njano lenye ukosi mpana. La madoadoa. Jeupe. La mifuko miwili. Kisha akavuta pumzi, akakata suti. Mama Keki alikuwa akipaka trei siagi, hakuona lolote.

Trei ikaingia. Harufu ilipoanza kutoka, Fundi alichungulia kwenye kioo cha oveni, akapiga ukelele.

"Zinavimba! Mama Keki, zinanenepa!"

Mama Keki aliinama akatazama, akachukua karatasi moja, akailinganisha na vipande vilivyobaki mezani. Akageuka polepole. "Wewe. Umekata nje ya karatasi. Umeacha nafasi pande zote."

"Nafasi ya mshono," Fundi alisema kwa sauti ndogo.

"Ya mshono! Utaishona biskuti kwa uzi gani? Na donge hukuliweka kwenye friji, likaingia kwenye oveni ya moto! Biskuti hutanuka, Fundi, haisinyai kama kitambaa!" Akacheka mpaka akajishika kiuno. Fundi naye akacheka, ingawa macho yalimchoma. Miaka ishirini na sita mkono wake ulikuwa ukiacha nafasi, nao haukuuliza leo unakata nini.

Ilikuwa saa sita na nusu. Unga ulikuwa umekwisha. Mezani zilipoa nguo sita pana, zenye mabega ya mabaunsa na viuno vya mapipa.

"Zipambe hivyohivyo," Mama Keki alisema. "Liwalo na liwe."

Akapiga ute wa yai na sukari ya unga, akagawa vikombe vinne, akatia rangi, akakunja karatasi ya mafuta ikawa koni, akakata ncha. Hapo Fundi alisahau saa na hofu. Rojo lilitoka jembamba kama uzi, likamtii! Alichora pindo, akachora vifungo, akashona ukosi wa njano kwa vinukta vidogo vidogo, kimoja kimoja, ulimi ukiwa nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Suti aliiacha ya mwisho. Aliipaka kijani kibichi, akaweka kola, mifuko, na vifungo vitatu vyeupe.

Saa nane na dakika kumi, biskuti zikiwa zimekwisha kupangwa kwenye meza ya Fundi, mlango wake uligongwa. Aliukimbilia.

Kitinda alisimama kizingitini, mkoba begani. Alikuwa amenenepa! Yule mtoto wa mashavu ya kubonyea alikuwa sasa mwanamke wa haja, mikono minene, kiuno kimejaa. Walikumbatiana kama watu wanaoogopa kuvunja kitu.

"Kaa, mdogo wangu."

"Sikai, dada. Basi." Na mkoba ukabaki begani.

Kisha akaiona meza. Alisogea. Akagusa gauni la shule, akagusa la njano. "Hili nililichana kwenye ua," alisema. "Ukanichapa, halafu ukalia wewe." Akasogea tena, akaona suti, akaurudisha mkono.

Fundi alijua mdogo wake anaona nini. Suti ile Kitinda aliivaa siku ya kwanza ya kazi, mabega yakamfikia karibu na viwiko, na ofisi nzima ikamcheka. Jioni aliitupa juu ya cherehani, na Fundi, kwa hasira za mtu aliyekesha akishona, alimwambia: "Basi tafuta fundi mwingine, na dada mwingine." Wiki ileile Kitinda alihama.

"Kitinda," Fundi alisema, "neno lile nilikosea kulisema. Kila siku nalijutia. Suti ilikuwa kubwa, kosa lilikuwa langu, na ulimi wangu ukalizidisha. Nisamehe."

Kitinda aliinyanyua biskuti ya kijani kwa vidole viwili, akaitazama kwa mbali, akaitazama kwa karibu. Akaiweka juu ya kifua chake kipana, kama mtu anayejipima nguo dukani. Midomo ikaanza kumcheza.

"Dada," alisema, "mabega yamenikaa."

Fundi alimtazama, na mabega yakaanza kumtikisika. "Si nilikwambia utakua?"

Kicheko kilichowatoka kilimfikia Mama Keki ng'ambo ya ukuta, naye akaitikia bila kujua wanacheka nini. Walicheka wakilia, wakashikana, na katika kushikana huko mkoba ukateleza begani ukaanguka chini puu. Hakuna aliyeuokota.

Saa kumi basi liliondoka na kiti kimoja kitupu. Kitinda alikuwa amesimama katikati ya sebule, mikono ameitanua, sukari ya kijani mdomoni, naye Fundi anamzungusha futi ya kupimia kifuani.

"Safari hii unishonee saizi yangu, dada. Usiache nafasi."

"Kidogo tu," Fundi alisema, pini zikiwa mdomoni. "Utakua."