Mfuko wa Mama Mkwe

Kila aliyewahi kucheza naye alimwita Kiberiti, na jina hilo halikutokana na kazi yake ya kuchomelea vyuma. Alikuwa mwepesi wa kuwaka, basi. Kwenye mpira wa magongo wa viatu vya magurudumu, mtu akimpita tu, mkono wake ulirusha gongo na kumnasa kiunoni kabla kichwa hakijapata habari. Firimbi inalia, Kiberiti anakwenda kukaa benchi la adhabu, timu inabaki pungufu. Na akishakaa pale hununa kana kwamba kaonewa yeye.

Mwaka uliopita ndivyo fainali ilivyowaponyoka. Kipa wao ni mdogo wake, tumbo moja, na bao la mwisho alifungwa akiwa na wachezaji watatu tu mbele yake badala ya wanne, dada mtu akitazama kutoka benchi. Mdogo mtu hakugomba. Alivua kofia akaenda zake, na tangu siku hiyo akawa anamjibu dada yake kwa mkato, wakati zamani walikuwa chanda na pete. Hilo lilimuuma Kiberiti kuliko kukosa kikombe.

Mwaka huu walipoingia tena fainali, mdogo mtu alimfuata karakanani. Alisubiri mpaka moto wa kuchomelea ukazimwa.

"Dada, mimi mpira naweza kuuzuia. Wewe siwezi kukuzuia. Ukiniacha na watatu tena, tafuteni kipa mwingine."

Kocha wao alikuwa mama mkwe wake Kiberiti, fundi cherehani aliyewahi kuwa refa, na mama mkwe si mtu wa kumjibu unavyotaka. Kwenye jezi ya mazoezi ya Kiberiti alishona mfuko mmoja mkubwa tumboni.

"Ingiza mikono humo, mwanangu."

"Na gongo, mama?"

"Gongo nimelifungia kabatini. Miguu yako imekuwa mivivu kwa sababu mkono unaifanyia kazi. Mtu akikupita, mkimbilie, mbane ukutani bila kumgusa."

Kiberiti akaingiza mikono mfukoni. "Haya, mama."

Wenzake walicheka mpaka mbavu zikawauma. Alianguka kifo cha mende, akainuka, akaanguka tena, na usoni alikuwa amefura kwa hasira. Lakini jioni baada ya jioni miguu ikaanza kujua njia. Alijifunza kumsoma mtu mabegani, kumkatia kona, kumfungia mlango. Siku moja alimbana mwenzake ukutani mpaka mwenzake akasalimu amri, mikono ya Kiberiti ikiwa imetulia mfukoni.

Fainali ilichezwa kwenye ghala la zamani lenye sakafu ya saruji iliyong'arishwa, na watu walijaa hadi madirishani. Wakaongoza kwa bao moja. Zikiwa zimebaki sekunde chache, mshambuliaji hodari wa upande wa pili alichomoka na mpira. Kiberiti akamzibia, magongo yakagongana, na lake likakatika vipande viwili.

Mchezo huo una sheria isiyo na mzaha: gongo likivunjika, tupa chini hapo hapo, ukicheza na kipande unakwenda benchi. Kipande kilikuwa kirefu bado, na mshambuliaji alikuwa anampita karibu kabisa. Mkono ulimwasha. Angekipunga tu kidogo, mtu yule angeanguka.

Akakiachia.

Mikono mitupu ikajipeleka yenyewe tumboni kutafuta mfuko, ambao kwenye jezi ya mechi haukuwepo, na miguu ikaondoka. Akamfikia begani. Hakumgusa hata unywele. Alimbana tu, akampunguzia nafasi, akamsukumia kona, mpaka mshambuliaji akabaki na ukuta upande huu na Kiberiti upande ule. Akapiga kwa kukata tamaa. Mpira ukamfikia kipa polepole, naye akaulalia.

Firimbi ikalia. Kiberiti, kwa mazoea yake, akateleza moja kwa moja hadi benchi la adhabu, akakaa, akainamisha kichwa.

Refa akamfuata. "Mama, umekaa hapo kufanya nini?"

"Si umepiga firimbi?"

"Nimemaliza mechi. Mmeshinda."

Ghala zima lilikuwa limeshalipuka kwa vifijo, na yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua. Mama mkwe, ambaye hakuwahi kuonekana akikimbia, alikuwa anakimbia. Lakini aliyefika kwanza ni mdogo mtu, bado na glavu zake kubwa, machozi yakimtiririka ndani ya kofia. Akamvuta dada yake kutoka kwenye lile benchi, akamkumbatia kwa nguvu zote.

"Nilikuwa nahesabu migongo, dada," alisema. "Wote wanne mlikuwepo."