Kona ya Viazi

Haya ninayoandika ni kweli tupu, na shahidi yupo: mke wangu Rozalia, ambaye amesoma kila mstari na kufuta miwili tu. Kama nimeongeza chumvi hata punje, viazi vyangu vya msimu ujao vioze ardhini.

Shule yetu iko mlimani juu ya Iyunga, mahali ambapo ukungu unawahi namba asubuhi kuliko walimu. Mwaka jana ukaja waraka wa serikali: michezo ni somo, ina kipindi chake, isimezwe tena na hisabati, na kila shule iwe na uwanja wa kukimbilia uliopimwa, mzunguko mmoja mita mia nne. Pamoja na waraka ikaja mipira sita, filimbi, na saa ya kuhesabu sekunde. Mwalimu Anwari wa michezo aliipokea ile saa kwa mikono miwili kama anapokea mtoto mchanga. Tepu ya kupimia ndiyo haikuja.

"Mzee Sedekia," akaniambia, "wewe umefanya kazi ya barabara miaka thelathini. Tupimie."

Nikapima. Mimi nimeshapima barabara kutoka hapa mpaka Idodi kwa jicho moja, la pili likiwa limelala. Nikafunga kamba kwenye vigingi, chokaa nikamwaga mwenyewe, mstari ukanyooka mpaka sisimizi wakaacha njia zao wakahamia juu yake.

Tatizo lilikuwa kona ya juu. Pale palikuwa na matuta yangu ya viazi. Ardhi ni ya shule, sikatai, lakini nimelima pale tangu nistaafu na hakuna aliyewahi kuniuliza. Zilibaki wiki mbili nivune. Basi chokaa ikafika pale, ikaviona viazi, ikapita pembeni kwa adabu.

Sasa, jirani yangu Devotha ana binti anaitwa Damari, wa darasa la sita, mwembamba kama mpini wa jembe. Mkoa ulikuwa unatafuta watoto wa kwenda kambini Iringa kujiandaa na mashindano. Kwa wasichana wa mita mia nne, sharti lilikuwa sekunde sitini na tano. Damari hajawahi kuvuka Igawa, mpakani mwa mkoa wetu. Siku Mwalimu Anwari alipompima, saa ilisoma hamsini na saba. Mama yake akaazima begi siku hiyo hiyo.

Wiki iliyofuata likaja gari. Akashuka afisa michezo, Bi Saida, na kigurudumu cha kupimia chenye mpini mrefu.

"Hamsini na saba?" akasema. "Mtoto wa miaka kumi na miwili, pekupeku? Ama huyu ni wa ajabu, ama kuna mtu anatuchezea. Kama ni mchezo, jina lake nalifuta, na wewe mwalimu utaandika maelezo."

Hapo mdomo wangu ukatangulia. "Mama, uwanja huu ukipungua hata hatua moja, viazi vyangu vyote vile chimbeni, muwapikie watoto!"

Shule nzima ikapiga makofi. Bi Saida akaanza kusukuma kigurudumu, tik, tik, tik. Kwenye kona ya juu akasimama.

"Mzee, hii chokaa inakwepa nini?"

"Mteremko, mama."

"Mteremko huu ulipaliliwa lini?"

Watoto wakacheka mpaka wakakaa chini. Damari hakucheka. Kigurudumu kilipomaliza mzunguko kilisoma mia tatu sitini na mbili. Bi Saida akatoa kalamu, akafungua orodha.

"Babu," Damari akaniuliza taratibu, "kwa hiyo sikukimbia?"

Nimedanganya watu wengi, na wengi walistahili. Huyu hakustahili.

"Ulikimbia," nikasema. "Bi Saida, weka kalamu chini. Mtoto hana kosa, wala mwalimu. Kona ni yangu."

Nikaenda nyumbani kuchukua jembe. Nikang'oa matuta yangu mwenyewe, mwalimu akipanga vigingi kwa kufuata kigurudumu. Udongo ukabaki laini kama uji, basi watoto mia tatu wakaambiwa hiki ndicho kipindi cha michezo: wakaruka juu yake, wakaimba, wakaushindilia mpaka ukawa kama sakafu.

"Mara moja tu," Bi Saida akasema.

Filimbi ikalia. Jamani. Miguu ya yule mtoto haikukanyaga chini, iliionja tu, kama mtu anayeonja mchuzi wa moto. Alipofika kona ya juu aliinama upande kidogo, akapita palepale vilipokuwa viazi vyangu, na mimi nikajikuta nimevua kofia. Watoto mia tatu, na nilikuwa nasikia pumzi ya mmoja. Ukungu wa bondeni ukapasuka, bonde lote likaonekana mpaka reli, kama nalo limefungua macho litazame.

Bi Saida aliitazama saa, akaitikisa, akaitazama tena. Akamwonyesha mwalimu. Kisha akaandika jina. Devotha alikaa chini kwenye nyasi, akawa anarudia, "Ndaga, ndaga, Tata," na aliyekuwa anamshukuru ni Mungu, si mimi.

Mimi niliandika sekunde arobaini na nane. Rozalia amefuta, ameandika sitini na mbili. Ndio mstari wa kwanza.

Wa pili ni pale niliposema viazi nilivitoa kwa hiari. Ukweli ni kwamba nilipoona macho yote yako kwa Damari, nilisukumia magunia mawili ya viazi nyuma ya choo cha walimu, na Rozalia ndiye aliyeyarudisha, moja kichwani, moja akinibebesha mimi mbele ya shule nzima.

"Menya," akasema, akanipa kisu.

Nikamenya mpaka jua likageuka. Kiazi cha kwanza kuiva alipewa Damari.