Mafundo ya Wodi ya Wanaume

Saa tisa na nusu alasiri, daktari mwanafunzi aliingia wodi ya wanaume ya hospitali kuu, simu mkononi, roho juu. Fomu ya kuchagua hospitali ya mafunzo ilikuwa inafungwa saa kumi kamili. Alikuwa ameshajaza hospitali ya kulipia, upande wa pili wa jiji, kwa sababu bingwa wa upasuaji aliyemhusudu tangu mwaka wa pili alikuwa kule, na yeye alitaka upasuaji, si kingine. Kilichobaki ni kubonyeza. Ila mama yake hakununua hata ndala bila kujaribu jozi mbili, na bintiye alimrithi, basi akaja kutupa jicho.

Vitanda vilikuwa ishirini, wagonjwa arobaini na wawili. Waliosubiri upasuaji zaidi ya wiki mbili walikuwa wameanza kuelea, jambo lililopunguza msongamano: mmoja alilala kitandani, mwenzake hewani juu yake. Kila aliyeelea alifungwa bandeji mguuni, ncha ya pili kwenye chuma cha kitanda. Feni zilizimwa kwa usalama.

"Umekuja kuchagua au kuchungulia?" sista wa wodi aliuliza, akihesabu sindano.

"Kuangalia tu, sista."

"Haya, angalia. Usiguse mafundo."

Kufunga bandeji ilikuwa kazi ya madaktari wanafunzi, na mmoja wao, baada ya zamu ya saa thelathini, alikuwa amemfunga mwalimu mstaafu kama mtu anavyofunga kamba za viatu. Fundo likafunguka lenyewe. Mwalimu akaelekea dirishani taratibu, kichwa mbele, mikono kifuani. Hapo ni ghorofa ya saba.

Msichana alitupa simu kitandani, akaruka, akamdaka kifundo cha mguu kwa mikono yote miwili.

"Sista!"

"Huyu wangu anatapika damu! Mshikilie!"

Mzee alikuwa mwepesi, lakini upepo wa nje ulimvuta. Simu ilionyesha zimebaki dakika sita.

"Nini kile kinawaka?" mwalimu aliuliza.

Akamweleza.

"Bonyeza, mwanangu. Mguu mmoja, mkono mmoja, hesabu imetimia."

Akalegeza mkono wa kulia. Mzee akamponyoka hadi kwenye vidole. Akamkamata tena, jasho likimtiririka. Alimchukia mzee yule kwa sekunde tatu nzima, kisha akajichukia mwenyewe.

"Daktari wako nani?" aliuliza, ili asitazame saa.

Mwalimu akamtaja bingwa yule yule. "Asubuhi anasaini daftari hapa, halafu huyo, anakwenda kwenye ile ya kulipia. Kule, nasikia, hakuna anayeelea."

Saa kumi ikapita. Simu ikalia mara moja: wasiochagua wamepangiwa penye upungufu, yaani hospitali kuu. Sista alikuja akinawa mikono, akausoma ujumbe pale kitandani, akampa bandeji mpya.

"Basi funga wewe. Ushakuwa wetu."

Akafunga, akarudia, akakaza.

Jumatatu asubuhi bingwa alifika, akasaini daftari, akavuta bandeji ya mwalimu kupima.

"Nani kafunga hii?"

"Mimi, daktari." "Huyu ni siku ya ishirini na tisa anasubiri."

"Safi sana. Hii ndiyo mikono ya upasuaji." Akamgeukia sista. "Wote wafungwe hivi." Akachukua funguo za gari, akatoka.